Wakili wa Wasiozaliwa

Fiqhi ya Imamu Shafi, ambayo ilisomeshwa katika misikiti na vyuo vya pwani yetu karne nyingi kabla ya kufunguliwa kitivo chochote cha sheria katika Afrika ya Mashariki, huuhesabia uwakala nguzo nne: mwenye haki anayeikabidhi haki yake, wakili anayeipokea, jambo lenyewe linalokabidhiwa, na tamko la kukabidhi. Nguzo moja ikikosekana, hakuna uwakala. Na mwenye haki akifa, uwakala nao hufa papo hapo, hata kama wakili yumo njiani kwenda mahakamani na hoja zake zote kifuani. Sheria ya Kiingereza tuliyoachiwa na wakoloni, tukaendelea nayo, haiko mbali na hayo, kwani nayo hutaka ajulikane kwanza aliyetuma ndipo asikilizwe aliyetumwa.

Basi limezuka katika zama zetu tabaka la mawakili ambao, ukiwapima kwa nguzo hizo, ni kama hawana aliyewatuma. Ni vijana wanaofundishwa sheria ya kimataifa ya mazingira na kanuni za maendeleo endelevu, wanaosafiri kwenda kushindana katika mahakama za mfano, na wanaomaliza masomo yao wakiwa tayari kusimama mbele ya majaji kuitetea bahari, au msitu, au, na hapa ndipo penye uzito kuliko pote, watu watakaozaliwa baada ya miaka mia. Jaji makini, hata akiwa na mapenzi makubwa na bahari, ana haki ya kuwauliza swali moja jepesi: nani amekutuma? Wengi hulijibu swali hilo kwa hisia, wakitaja watoto na mustakabali na dunia yetu moja, na jibu hilo huwapendeza wasikilizaji waliokwisha kukubali kabla ya kuulizwa. Lakini hisia si hoja, na mwanafunzi asiyelipatia swali hilo jibu darasani atakutana nalo barazani, mbele ya wakili wa kampuni ambaye amelipwa vizuri na anamjua vyema aliyemlipa.

Mahali palipojibiwa swali hilo kwa ubainifu mkubwa ni Ufilipino. Watoto kadhaa, wakiongozwa na wazazi wao na wakitetewa na wakili Antonio Oposa, ambaye watoto wake mwenyewe walikuwamo miongoni mwa wadai, walimshitaki waziri wa mazingira ili azifute leseni za kukata magogo katika misitu ya asili ya nchi ile, nao wakatamka kwamba wanadai kwa niaba yao wenyewe na kwa niaba ya vizazi ambavyo havijazaliwa. Mahakama ya chini iliitupa kesi. Mahakama ya Juu, katika hukumu ya tarehe 30 Julai 1993 iliyoandikwa na Jaji Hilario Davide, ilikubali kwamba watoto wale waliweza kuwasimamia hao wajao, kwa kuwa kila kizazi kina wajibu kwa kizazi kinachokifuata wa kuhifadhi mazingira. Kisha ikairudisha kesi chini ikasikilizwe. Mwenye kuisoma hukumu hiyo kwa haraka huona kwamba mlango umefunguliwa na yeyote apendaye na aingie. Mwenye kuisoma kwa utulivu huona kwamba hawakuingia wasiozaliwa peke yao, wala hakuingia wakili peke yake: waliotangulia ni watoto walio hai, wenye majina na wazazi, na vizazi vijavyo vikaingia nyuma yao.

Kwetu mlango wa kisheria umekwisha kufunguliwa kwa kiasi kikubwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara yake ya 70, haimlazimishi mdai wa haki ya mazingira kuonyesha kwamba kuna mtu aliyepata hasara au kuumia. Na Tanzania, kwa sheria yake ya usimamizi wa mazingira ya mwaka 2004, imempa kila mkaaji wa nchi haki ya mazingira safi na njia ya kuidai. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, bado imebana: mwaka 2017 ilikataa kutoa maoni yaliyoombwa na shirika moja la Nigeria kwa sababu shirika hilo halikutambuliwa na Umoja wa Afrika wenyewe. Lakini hata milango yote ingekuwa wazi kama ule wa Kenya, ruhusa ya kuingia si ruhusa ya kusema kila kitu, na kijana aliyeruhusiwa na katiba kuwasemea wasiozaliwa bado hajaambiwa na katiba hiyo kwamba wasiozaliwa wangependa aseme nini. Hapo sheria inakoma, na mambo yaliyobaki ni ya dhamiri na elimu.

Wanafalsafa nao wana shaka yao, wala si ya kupuuzwa. Derek Parfit wa Oxford, katika kitabu alichokitoa mwaka 1984, alionyesha kwamba maamuzi makubwa ya jamii, kama vile tuchome makaa au tusiyachome, tujenge bandari huku au kule, hubadilisha nani akutane na nani na lini waoane, na kwa hivyo hubadilisha ni watu gani hasa watakaozaliwa. Mtu atakayezaliwa katika dunia iliyoharibika, maadamu maisha yake yana kheri ya kutosha kuyaishi, atatulaumu kwa lipi? Lau tungaliitunza dunia, yeye asingalizaliwa, angalizaliwa mwingine. Hoja hii huwakera wanafunzi, nao huiita mchezo wa maneno, ila sijapata kumsikia mtu aliyeivunja kwa kuikasirikia.

Mimi naona jibu lake limo katika elimu tuliyokuwa nayo siku zote, katika mlango wa wakfu. Sayyidna Umar alipopata shamba katika ardhi ya Khaibar, akamwendea Mtume (S.A.W.) kumtaka shauri, alielekezwa aizuie asili na ayatoe matunda yake, naye akafanya hivyo, ikawa ardhi ile haiuzwi, haitolewi zawadi wala hairithiwi, na mazao yake yakaenda kwa mafakiri na jamaa na wasafiri. Wakfu wa namna hiyo uliofanywa kwa ajili ya kizazi hauwataji watu wote kwa majina. Mtu huliweka shamba la minazi au nyumba ya mawe kwa wanawe, kisha kwa wana wa wanawe, maadamu wanazaana, na anayestahiki hustahiki kwa sifa yake, hastahiki kwa dhati yake. Awaye yote atakayekuja akiwa na sifa hiyo ataikuta haki yake ikimngojea. Basi shaka ya Parfit haipati mahali pa kushika, kwa maana msimamizi aliyeikata minazi na kuuza mbao hakumdhulumu fulani bin fulani ambaye pengine asingalizaliwa. Ameipunguza haki iliyofungamanishwa na sifa ile, na yeyote atakayekuja na sifa hiyo, awe huyu au awe mwingine, ataipokea ikiwa pungufu.

Walakini wanachuoni wa Kishafi waliongeza sharti ambalo naliona ndilo kiini cha jambo lote hili. Wakfu unaoanzia kwa mtu asiyekuwako, kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu, hausihi. Sharti uanze kwa aliye hai, ndipo uteremke kwa wasiozaliwa, nao wakiwa ni wenye kumfuata yule wa kwanza. Asiyezaliwa ana haki timamu, lakini hana mlango wa peke yake. Hupitia mlango wa aliyeko. Nami nadhani mafakihi wale, ambao hawakuwa wakifikiria hewa ya ukaa wala kina cha bahari, waliiona hatari ambayo mawakili wetu vijana hawajaonywa nayo: mtu anayedai kuwasemea wasiokuwako tu, bila ya kufungwa na yeyote aliyeko, anaweza kusema alitakalo, na hakuna atakayemwambia amekosea.

Itafaa vijana wajue pia, maana vitabu vyao huligusa jambo hili kwa uchache, kwamba mawazo ya wakfu wa kizazi yalikwisha kufikishwa mbele ya majaji wa kifalme mjini London na yakakataliwa. Katika kesi ya Bakhshuwen, iliyotoka Kenya na kumalizikia katika Baraza la Kifalme mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakfu wa jamaa ulibatilishwa kwa hoja iliyokwisha kutumiwa juu ya Waislamu wa India tangu 1894, nayo ni kwamba mali iliyozuiwa kwa ajili ya kizazi hata kizazi, huku mafakiri wakiwekwa mwisho kabisa wa safu, si sadaka ya kweli. Ilibidi itungwe sheria, ile ya Makamishna wa Wakfu ya mwaka 1951, ili wakfu wa namna hiyo uhesabike kuwa halali katika Kenya. Miaka arobaini ikapita, mataifa yakakutana Rio de Janeiro mwaka 1992 na kutangaza kwamba maendeleo yafanywe kwa kuyazingatia mahitaji ya vizazi vya sasa na vijavyo, na dunia yote ikapiga makofi kana kwamba jambo hilo lilikuwa halijapata kuwazwa na mtu. Sisemi kwamba tangazo la Rio ni wakfu. Nasema tu kwamba mwanafunzi wa Mombasa au Unguja anayefundishwa neno la Rio kama ugeni kutoka mbali amenyimwa nusu ya urithi wake.

Ikiwa wasiozaliwa hufikiwa kwa kupitia walio hai, basi mafunzo ya wakili wao hayaanzii katika mikataba. Kisa cha wanafunzi 27 wa sheria wa Chuo Kikuu cha Pasifiki ya Kusini kinajulikana sasa: mwaka 2019, huko Port Vila katika Vanuatu, walianza kuzishawishi serikali za visiwa vyao ziiombe Mahakama ya Kimataifa ya Haki itamke wajibu wa nchi juu ya mabadiliko ya tabianchi, Vanuatu ikaibeba kazi hiyo, tarehe 29 Machi 2023 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likapitisha azimio bila kupingwa, na tarehe 23 Julai 2025, baada ya kuzisikiliza nchi 96 mjini The Hague, majaji wakakubaliana kwa kauli moja kwamba nchi zimefungwa na sheria katika jambo hili, na kwamba kuukiuka wajibu huo kuna matokeo yake kisheria. Watu hukisimulia kisa hicho kama habari ya vijana waliofika mbali. Kwangu mimi nguvu yake ilikuwa katika ukaribu, kwa kuwa wale walikuwa wana wa visiwa vyenyewe vinavyopandwa na maji, na walipotaja vizazi vijavyo walikuwa wakiwataja wadogo zao na watoto watakaozaliwa na wadogo zao.

Lakini ukaribu nao una mtego wake, na kuuonyesha sina haja ya kwenda Pasifiki. Kwa miaka mingi taka za jiji la Dar es Salaam zilimwagwa Tabata, na wakaaji wa hapo waliishi na moshi wa jaa usiku na mchana, na harufu, na nzi waliotangulia kuonja kila chakula kabla ya mwenye nyumba. Mwaka 1988 wakaenda Mahakama Kuu, na mahakama ikaiamuru Halmashauri ya Jiji iache kumwaga taka mahali pale. Halmashauri haikukaidi kwa maneno. Iliomba muda, na muda ulipokwisha ikaomba muda mwingine, mpaka shauri lilipomfikia Jaji Lugakingira, ambaye alistaajabu waziwazi katika uamuzi wake kwamba mamlaka ya umma inaweza kuja mahakamani bila ya haya kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira ya watu, akaikatalia. Malori yakageuza njia. Yakaenda Kunduchi Mtongani, eneo ambalo katika mpango wa mji lilitengwa kwa makazi, na katika mwaka 1991 mkaaji mmoja wa huko pamoja na mamia ya wenzake wakafungua shauri lao katika mahakama ile ile, nao wakashinda. Malori yakageuza njia mara nyingine, yakaenda Vingunguti, kando ya bonde la Msimbazi, mtaa wa watu wa kipato cha chini waliobanana nyumba kwa nyumba, na huko yakakaa miaka. Baada ya Vingunguti ikawa Mtoni, na baada ya Mtoni ikawa Pugu.

Hukumu zile mbili zilikuwa za haki, nazo zilikuja wakati ambapo haki ya mazingira ilikuwa haijazoeleka katika mahakama zetu. Simlaumu wakili yeyote aliyezipata. Wakili wa Tabata alikuwa na mteja, na mteja wake alikuwa akikohoa. Lakini zipo kaida mbili za fiqhi ambazo hufundishwa pamoja, hata zikaingizwa katika Majalla, ule mkusanyo wa sheria wa Dola ya Uthmani wa miaka ya 1869 hadi 1876, na mawakili wetu wameichukua ya kwanza wakaiacha ya pili. Ya kwanza ni kwamba madhara huondolewa. Ya pili ni kwamba madhara hayaondolewi kwa kuleta madhara yaliyo mfano wake. Mwenye kuishika ya kwanza peke yake atashinda kesi ya Tabata na ya Kunduchi, na kila ushindi wake utasukuma takataka hatua chache mbele, kuelekea kwa mtu ambaye hana nauli ya kwenda kumtafuta wakili. Mwenye kuzishika zote mbili atalazimika, kabla ya kusaini hati ya madai, kuuliza taka zitakwenda wapi, na kumwingiza katika shauri yule ambaye hakumtuma. Nimeanza kuamini kwamba jambo hilo moja, likifundishwa kwa miaka minne bila kuchoka, lingetoa mawakili bora kuliko kozi nzima ya mikataba. Na lisemwalo kwa Tabata na Vingunguti lasemwa vile vile kwa nchi tajiri zinazozisafisha hewa zao kwa kuvihamishia viwanda vyenye uchafu katika nchi nyingine, kwa maana asiyezaliwa na asiye na nauli hali yao barazani ni moja.

Mikataba haikosi kufundishwa, wala sisemi iachwe. Ila kijana anayeisoma kama mambo yaliyotungwa na wengine atazungumza mbele ya majaji kwa sauti ya mgeni. Katika kesi ya mabwawa ya Gabčíkovo na Nagymaros katika mto Danube, baina ya Hungaria na Slovakia, iliyoamuliwa The Hague tarehe 25 Septemba 1997, Jaji Christopher Weeramantry wa Sri Lanka aliandika maoni yake mwenyewe juu ya maendeleo endelevu, na alipotafuta ushahidi kwamba wanadamu waliijua kanuni hiyo kabla ya kuitwa kwa jina hilo, alikwenda kwenye mabwawa ya kale ya nchi yake, kisha akaja kwetu: akataja mifereji ya Wasonjo na ya Wachaga, akautaja na msimamo wa sheria ya Kiislamu kwamba ardhi ni ya Mwenyezi Mungu na mwanadamu ameshikishwa kwa amana tu. Kazi ya mifereji ile inastahili kusomwa kama isomwavyo hukumu. Maji hutoka juu ya mlima na kupita katika mashamba ya wengi. Kila ukoo una zamu yake, na mfereji ukipasuka watu huitwa kuuziba, na asiyekuja kazini hawezi kutazamia kupewa maji kama aliyekuja. Hapo pana haki, na wajibu, na adhabu, na mto unaobaki mto. Mwanafunzi aliyekulia Kibosho au Machame ana jambo la kumwambia profesa wake wa sheria ya kimataifa, ikiwa profesa atauliza.

Nakuja sasa kwenye pingamizi ambalo ndilo gumu kuliko shaka ya Parfit. Walio hai, tuliosema kwamba haki ya wajao hupitia kwao, huweza wenyewe kuiuza. Pale Lamu, tarehe 26 Juni 2019, Baraza la Rufaa la Mazingira la Kenya lilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliokusudiwa kujengwa Kwasasi, kwa sababu kubwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo: waliletewa taarifa nene ya wahandisi, na walipotaka kuielewa hapakuwa na wa kuwaelewesha. Hapo msemaji wa wajao na msemaji wa walioko walikuwa kitu kimoja, na kazi ikawa nyepesi. Lakini katika kaunti ile ile kulikuwa na kesi nyingine, ya wavuvi waliodhuriwa na ujenzi wa bandari mpya. Ilifunguliwa mwaka 2012, ikaamuliwa mwaka 2018 kwa fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.76 kwa wavuvi wapatao 4,600. Mvuvi mwenye deni na mtoto shuleni ana haki ya kuipokea fidia yake, na wakili aliyemkataza angekuwa dhalimu. Hata hivyo fidia ile ni thamani ya nini? Ikiwa ni thamani ya samaki aliowakosa miaka ile, hayo ni matunda, na matunda ni yake ale. Ikiwa ni thamani ya mikoko iliyokatwa na sakafu ya bahari iliyochimbwa, hiyo ni asili, na asili ya wakfu haiuzwi na mfaidi wa leo, hata akiwa na shida ya kweli.

Baadhi ya wenzangu hulijibu pingamizi hili kwa kumpa wakili mamlaka ya mlezi, wakisema awalinde wajao hata dhidi ya baba zao. Siliafiki kabisa. Wavuvi wa Lamu si mayatima. Ni watu wazima wenye akili zao, wanaoijua bahari kuliko profesa yeyote, na wakili anayewageuza kuwa watoto kwa kisingizio cha wajukuu wao amejitwalia cheo ambacho hakupewa na Mungu wala na watu. Lililo wajibu wake ni jepesi kulisema na zito kulitenda: awakalishe chini kabla ya kupokea hata senti moja, awaeleze kwa lugha yao ipi ni asili na yapi ni matunda, adai vitu hivyo viwili katika hati kwa mafungu mawili mbali mbali, fungu moja la fedha mkononi na fungu la pili la kuirudisha mikoko na kuitunza, kisha, wakikataa, ayaandike mawazo yake na kuyaweka kwenye jalada ili atakayekuja ayakute. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama Tanzania, kwa hivyo udhuru wa lugha umepungua. Kilichobaki ni uvivu wetu, na mazoea ya kuona kwamba hoja isiyotamkwa kwa Kiingereza haijakomaa.

Na liko suala la riziki, ambalo katika warsha zetu huzungumzwa ukumbini kwa fumbo na nje ya ukumbi kwa uwazi. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliwalaumu watu wa zama zake kwa kusongamana katika elimu ya magomvi ya fiqhi, hali miji mingi haina tabibu Mwislamu hata mmoja, ingawa utabibu ni fardhi ya kutosheleza. Na sababu aliyoitaja ni ya kuchoma: utabibu haumfikishi mtu kwenye usimamizi wa wakfu na wasia, wala kwenye kukamata mali ya mayatima. Sina hakika angetusifu lau angetuona katika hoteli za ufukweni, na vitambulisho vya mkutano shingoni, tukingojea posho ya siku kwa kuwa tumezungumzia haki za wasiozaliwa. Sharti la Umar katika wakfu wake lilikuwa la kiungwana kuliko hayo na la kiutu kuliko kufunga: msimamizi ale katika mazao kwa kadiri ijulikanayo kuwa ni haki, pasina kujilimbikizia. Kijana wakili lazima ale. Ni jambo la aibu kumtaka afanye kazi kwa sifa na dua peke yake.

Ila riziki hiyo leo hutoka kwa wafadhili walio mbali, kwa mradi wa miaka miwili au mitatu, na kesi ya wavuvi ilichukua sita. Mradi ukiisha, wakili hupata kazi mjini, jalada hubaki na karani, na walio hai hukosa wa kuwasemea, sembuse wajao. Kwa hivyo pendekezo langu ni la kizamani. Watu wa pwani wenye uwezo, na hawakosekani kuanzia Lamu hadi Kilwa, waliokwisha kuweka wakfu visima na misikiti na madrasa, waweke duka moja au shamba moja kwa ajili ya wanafunzi wa sheria watakaoitetea ardhi na bahari ya pwani hii, kodi yake ilipe ada darasani na kisha mshahara wa kiasi kazini, na hesabu yake isomwe mara moja kila mwaka mbele ya watu, msikitini au sokoni. Wasio Waislamu hawazuiliwi kufaidika nao wala kuchangia wakipenda, kwa kuwa bahari hairudi nyuma kwa dini ya mtu. Wakati wa kuiandika hati yake, mwandishi aliangalie lile sharti la Kishafi: asiandike kwamba mali hii ni kwa mawakili watakaozaliwa. Aanze na mmoja aliyeko, aliyekwisha kuandikishwa chuoni siku hati inapotiwa saini, amtaje kwa jina lake na jina la babake, kisha ndipo aandike kwamba baada yake ni kwa wale watakaokuja wakiwa na sifa hiyo.